Safari ya Lushoto na Majani ya Sungura

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayefuga sungura nyumbani, bila shaka umewahi kulisikia swali hili saa moja ya usiku, wakati umeshachoka na chakula bado kiko jikoni: "Mama, sungura watakula nini?" Mimi nimelisikia mara nyingi, na kuna siku nililijibu vibaya. Habari ninayokusimulia ni ya safari ya kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara, lakini yenyewe ilianzia chini ya meza yangu ya jikoni, Tabata, Dar es Salaam, ndani ya kiroba cha mboga.

Kitindamimba wangu, binti wa miaka tisa, alipewa sungura wawili na mjomba wake. Mmoja alikuwa mweupe, tukamwita Pamba. Mwingine alikuwa na rangi ya kahawia, tukamwita Kaki. Hawakuwa sungura wa kuchinja. Binti yangu aliwafagilia banda kila asubuhi kabla ya kuvaa sare za shule, akawabadilishia maji, na jioni aliwatoa uani wakaruka huku yeye akifanya kazi za darasani juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Kazi yangu ilikuwa kununua majani. Kwa kuwa hurudi nyumbani jioni, niliona ni busara kununua ya juma zima siku ya Jumamosi: mchicha, chainizi, sukuma wiki, na yale majani ya nje ya kabichi ambayo wauza mboga huyabandua na kuyatupa. Ya watu niliyaweka kwenye friji. Ya sungura niliyashindilia kwenye kiroba, nikakifunga mdomo kwa kamba na kukisukuma chini ya meza. Ikifika Jumanne majani yamelegea. Ikifika Jumatano, ukitia mkono katikati ya kiroba unasikia joto, kama vile kuna sufuria ya uji humo ndani.

Jumatano moja binti yangu alinijia akiwa ameshika jani. "Mama, haya yananuka," akasema. Nilikuwa nakuna nazi, umeme umekatika, baba yao yuko njiani kurudi. Nikamjibu bila hata kumtazama: "Sungura si mtu. Wape tu, watakula."

Aliwapa, kwa kuwa mama amesema. Alhamisi jioni Pamba hakugusa chakula. Alijikunyata pembeni, tumbo limejaa kama ngoma, akawa anasaga meno. Ijumaa asubuhi tulimkuta amekufa.

Binti yangu hakunilaumu, na kwa kweli ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Yeye na kaka zake walimzika Pamba chini ya mpapai, akaenda shule. Tangu siku ile hakuniuliza tena Kaki atakula nini. Alizunguka mwenyewe kwenye ua wa majirani kuchuma majani, na nilipomwambia kwamba nitanunua, alijibu kwa adabu, "Usijali, mama." Mtoto wa miaka tisa akianza kukwambia usijali, mama mwenzangu, hapo ndipo pa kujali.

Niliyoambiwa na daktari wa mifugo

Nilimwendea daktari wa mifugo wa mtaani kwetu. Hakuweza kuapa ni nini kilichomuua Pamba, kwa kuwa hakumwona akiwa hai wala hakumpasua. Lakini nilipomweleza habari ya kiroba alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba sungura hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia lazima kipite mpaka mwisho. Tena chakula chake hasa humeng'enywa nyuma, katika mfuko mkubwa ulio baada ya utumbo mwembamba, na kazi hiyo hufanywa na vijidudu vyema vinavyoishi humo. Majani yaliyopata joto na kuanza kuchacha huvuruga vijidudu hivyo. Gesi hujaa, utumbo husimama, na mnyama mdogo kama yule hana muda mrefu.

"Mama, jani lililonyauka si sumu," akaniambia. "Sungura hula majani yaliyonyauka, hula hata nyasi kavu. Ubaya ni jani lililopata joto, lililoteleza, au lililoota ukungu. Kilichokuwa kwenye kiroba chako hakikuwa mboga tena."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani na sikumwambia mtu.

Mwezi wa sita shule zikafungwa. Wifi yangu, ambaye ameolewa Lushoto, alikuwa ametualika miaka mitatu mfululizo. Nikamwambia mume wangu, "Safari hii nitakwenda na mtoto." Nikamweleza na sababu: mboga nyingi tunazonunua Dar es Salaam hutoka huko. Kama zinasafiri usiku kucha, zaidi ya kilomita 300, na kufika sokoni zikiwa hai, basi wale wanaozifunga wanajua jambo nisilolijua mimi. Kuuliza si ujinga. Kaki tulimwacha mikononi mwa kaka zake, na binti yangu aliwaachia maagizo kurasa mbili za daftari.

Kupanda mlima

Tulipanda basi la alfajiri kwenye kituo cha Mbezi. Tulipita Kibaha, Chalinze, tukavuka daraja la Wami, tukafika Segera ambako wachuuzi wa machungwa waliinua mabeseni yao mpaka kwenye madirisha. Baada ya Korogwe yakaja mashamba ya mkonge, safu kwa safu, na upande wa kulia milima ikaanza kusimama. Joto lilikuwa kali. Pale Mombo, chini kabisa ya mlima, nilikuwa najipepea kwa upande wa khanga.

Kutoka Mombo basi liliiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi mpaka Lushoto, lakini ni kilomita za kujipinda. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni korongo, na chini mto unanguruma juu ya mawe. Binti yangu alinishika mkono kila kona, na sikuficha kwamba nami nilimshika. Tulipofika Soni, penye maporomoko ya maji, hewa ilikuwa imebadilika. Nikafunga dirisha. Lushoto kwenyewe nilitoa sweta.

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Mombo iko chini ya mita 500. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliipenda baridi hiyo, wakauita mji Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Leo baridi ile ile ndiyo mali ya Wasambaa. Kila mteremko umelimwa: kabichi, karoti, viazi, saladi, liki, koliflawa, sukuma wiki, na pembezoni miti ya peasi. Matuta yamepangwa kama ngazi mpaka karibu na vilele, na kati ya tuta na tuta kuna mifereji ya maji.

Wifi alitupokea kituoni kwa kicheko na kwa salamu ya Kisambaa, "Onga mshi!" Binti yangu akamjibu kwa "Shikamoo, shangazi," akakumbatiwa mpaka mkoba ukaanguka. Usiku ule tulilala chini ya mablanketi mawili, na mimi mtu wa pwani nikawa nasikiliza meno yangu yakigongana.

Kwa bibi wa bustani

Jirani yake wifi ni bibi mwenye bustani ya mboga bondeni, kando ya kijito. Tulimkuta saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaondoka, akiwa ameshaanza kukata. Tukamsalimu. Wifi akamweleza kwamba tumetoka Dar es Salaam kuja kujifunza kutunza majani ya sungura. Nilitazamia atacheka. Hakucheka. Alimtazama binti yangu akamwuliza, "Sungura wako wangapi?"

"Mmoja, bibi. Walikuwa wawili."

Bibi akanitazama mimi kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake. "Haya, njooni mshike kisu," akasema.

Somo la kwanza lilikuwa ni saa. Bibi hukata mboga alfajiri tu. Usiku mmea hunywa maji na kupoa. Asubuhi jani limejaa na limekaza. Likikatwa saa saba mchana, alisema, linakwenda sokoni likiwa na joto la jua ndani yake, na joto hilo halitoki kirahisi.

Somo la pili lilikuwa ni kivuli. Majani yaliyokatwa hayakuachwa juani hata kwa muda wa kwenda kuleta maji. Aliyatandaza juu ya jamvi chini ya mti, safu moja, mpaka umande ulipokauka juu yake. Nikamwuliza, mbona sisi wengine tunayanyunyizia maji ili yapendeze? Akasema, "Maji ya kupendeza ni ya sokoni, mbele ya mnunuzi. Ukiyafungia maji ndani ya tenga, umeyafungia na uozo."

Somo la tatu lilikuwa ni pumzi. "Jani likikatwa halijafa," bibi alisema. "Linapumua. Weka mkono wako hapa." Akauchukua mkono wa binti yangu akautia katikati ya lundo la majani ya jana, yaliyosahauliwa kwenye pembe ya kibanda. Binti yangu akautoa haraka. "Ni moto!" akasema. Kisha akanitazama, na mimi nikatazama chini. Sote wawili tulikuwa tunakiona kiroba kile.

Baadaye kijana mmoja wa ugani aliyepita pale alitupa maelezo yenye lugha ya shule. Jani lililokatwa huendelea kutumia sukari iliyomo ndani yake, na kazi hiyo hutoa joto. Kadiri hewa inavyokuwa na joto, ndivyo jani linavyopumua haraka: ongezeko la nyuzi 10 za sentigredi huifanya kasi hiyo iwe kama mara mbili au zaidi. Ukiyarundika majani pamoja bila hewa, joto la moja humpasha mwenzake, na lundo lote hujipika lenyewe. Ndiyo maana mboga iliyokaa siku mbili kibandani Lushoto bado ni mboga, na ile ile ikikaa siku mbili Tabata bila utunzaji huwa mbolea.

Somo la nne nililipata wakati wa kufunga. Tenga la bibi lilikuwa limetandikwa majani ya mgomba. Mboga zilipangwa zikilala ubavu, mashina yakitazama nje, na hazikushindiliwa. Juu yake likaja tena jani la mgomba, likalowanishwa upande wa nje. Wifi alipotaka kupachika ndizi zake mbivu juu ya tenga ili zipelekwe pamoja, bibi alizitoa. Alisema ndizi mbivu huyafanya majani yawe ya njano. Yule kijana akathibitisha: matunda yanayoiva, kama ndizi, embe, parachichi na nyanya, hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huyazeesha majani. Nilikumbuka friji yangu, ambamo ndizi na chainizi zilikuwa zikilala droo moja miaka yote.

Siku iliyofuata wifi alitupeleka Lukozi kwa kosta, kupitia msitu wa Magamba wenye miti mirefu iliyovaa kuvu na ukungu. Lukozi mboga hukusanywa kutoka vijijini. Tulikuta matenga yamepangwa kama ukuta, watu wakipatana bei kwa sauti, na malori yakipakiwa. Mpakiaji mmoja alituonyesha jinsi wanavyoacha nafasi kati ya tenga na tenga ili upepo upite, na jinsi wanavyoondoka jioni ili njia ya joto ya bondeni waipite usiku. Sikuona barafu mahali popote, wala mashine. Niliona watu wanaojua kwamba jani linapumua, wakafanya kazi yao kwa kulifuata.

Pale Irente

Siku ya nne tulitembea kwa miguu mpaka Irente, mimi na binti yangu peke yetu. Ni mahali ambapo mlima unakatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba na nchi yote ya chini iko miguuni pako, karibu mita elfu moja: Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka.

Tulikaa mbali kidogo na ukingo. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu tangu Tabata, na njia nzima nilitafuta namna ya kuyasema bila kuaibika. Mimi nimelelewa kujua kwamba mzazi haombi radhi kwa mtoto. Mzazi hununua soda, au hutoa nguo mpya, na jambo linakwisha hivyo. Lakini soda nilikuwa nimenunua tangu Mombo na jambo halikuwa limekwisha.

Nikamwambia, "Mwanangu, ile Jumatano uliniambia majani yananuka. Ulisema kweli. Mimi nilikosea, na Pamba akafa. Nisamehe."

Alinyamaza muda mrefu, akawa anavunjavunja kijiti. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mama, mimi ndiye niliyewapa."

Ndipo nilipofahamu. Miezi yote ile nilidhani amenikasirikia mimi. Kumbe mtoto alikuwa anajihukumu mwenyewe kwa kunitii. Mzigo niliokuwa naukwepa kwa kunyamaza, yeye aliubeba kwa niaba yangu. Nikamvuta kwangu. Nikamwambia kwamba mtoto anayemtii mama yake hana kosa. Kosa ni la mama aliyeagiza bila kutazama. Tulilia wote wawili pale mwambani, na watalii wawili waliokuja kupiga picha wakageuka kwa heshima na kutuacha.

Tuliporudi tulikuta wifi ametupikia kande. Binti yangu alikula sahani mbili.

Tunavyofanya sasa nyumbani

Tulirudi Dar es Salaam na tenga dogo la bibi, tukalikalisha miguuni petu ndani ya basi, mbali na buti lenye joto la injini. Tangu hapo tumejaribu mengi. Pwani si Lushoto, kwa hiyo mengine tumeyabadilisha. Haya ndiyo yaliyotufaa, nawe unaweza kuyajaribu:

1. Nunua asubuhi na mapema, na ukifika nyumbani fungua mafungu papo hapo. Kata kamba au mpira uliofunga mashina. Ondoa kila jani la njano, lililopondeka au linaloteleza, kwani moja huoza na kuambukiza mengine.

2. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Osha yale tu ya kulisha siku ile. Kama yalikuja yamelowa, yatandaze kivulini juu ya kitambaa mpaka yakauke juu.

3. Kwenye friji, yafunge kwa kitambaa safi cha pamba kilicho kikavu, kipande cha khanga kuukuu kinatosha, kisha yaweke ndani ya chombo chenye kifuniko usichokifunga kabisa. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na kitambaa kinafanya kazi vizuri zaidi: jani hubaki katika hewa yenye unyevu, wakati kitambaa hunyonya matone. Kikilowa, badilisha. Weka droo ya chini, yasiguse ukuta wa nyuma, maana yakiganda hulegea na kuteleza yakiyeyuka. Chainizi na sukuma wiki zangu hufika siku ya saba zikiwa zinalika.

4. Matunda mbivu yakae kwingine. Hili peke yake liliniongezea siku kadhaa.

5. Kama huna friji, au umeme ni wa kukatikakatika, simamisha mashina kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, kama unavyoweka maua. Funika majani kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, weka mahali penye kivuli na upepo. Badilisha maji asubuhi na jioni na ukate ncha za mashina. Mchicha wenye mizizi hukaa hivyo siku mbili mpaka tatu.

6. Chungu ndani ya chungu ni msaada mwingine. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa kaskazini mwa Nigeria alieneza njia hii miaka ya 1990, akapewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, katikati hujazwa mchanga uliolowanishwa, na juu hufunikwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto. Lakini ujue kwamba njia hii hupenda nchi kavu. Kama uko Dodoma au Singida utafurahi. Sisi wa pwani, ambako hewa yenyewe imejaa maji, hupata ubaridi kidogo tu.

7. Jani lililonyauka tu, ambalo halina harufu wala utelezi, litie kwenye maji baridi robo saa mpaka nusu saa. Litasimama. Likikataa kusimama, na limeanza kuwa la njano, lipeleke kwenye mbolea. Usiseme sungura si mtu.

8. Yaliyozidi, yakaushe yangali mazima. Majani ya viazi vitamu na nyasi tunayatandaza kwenye kichanja kivulini, tunayageuza kila siku mpaka mashina yanavunjika kwa sauti. Jua kali huyafubaza na kuyapunguzia vitamini. Yakikauka hukaa ndani ya gunia linalopitisha hewa. Yenye ukungu tunatupa.

Na kuhusu mnyama mwenyewe: sehemu kubwa ya chakula cha sungura inapaswa kuwa nyasi, mbichi au kavu, ili tumbo lake liendelee kutembea na meno yake, ambayo hukua maisha yake yote, yasagike. Mboga za majani ni nyongeza, kiganja asubuhi na kiganja jioni, za aina mbalimbali. Kabichi iwe kidogo, kwani huleta gesi. Jani jipya lianze kidogo kidogo. Kamwe usimpe majani ya nyanya, ya viazi ulaya, wala parachichi, tunda au majani yake. Kitunguu pia hakimfai. Mabaki yaondolewe bandani kabla hayajapata joto. Na sungura akikataa kula kwa nusu siku, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Jambo la mwisho nilipewa na bibi wakati wa kuagana. Alikata vipande vya mashina ya viazi vitamu, akavifunga kwenye jani la mgomba na kumpa binti yangu. "Jani lisilooza ni lile ambalo hujalikata," akamwambia. Sasa tuna magunia manne ya udongo ukutani, matembele yananing'inia mpaka chini. Pembeni tumeacha mchunga ujiotee, maana Kaki anaupenda kuliko chochote ninachonunua. Binti yangu hukata asubuhi kinachotosha siku moja. Cha kununua sokoni kimekuwa nyongeza tu.

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni tena, nakuna nazi tena, umeme umekatika tena. Nikasikia hatua nyuma yangu. "Mama," binti yangu akaniita, akiwa ameshika jani la chainizi mbele ya mshumaa. "Hebu tazama hili. Kaki anaweza kula?"

Niliiacha mbuzi ya nazi, nikafuta mikono, nikalichukua lile jani na kulinusa. Kisha nikalitazama pande zote mbili, polepole.

"Hili ni zuri, mwanangu," nikasema. "Mpe."